Jinsi ya kusoma utafiti wa panya kuhusu kiharusi na tendo la ndoa: mwongozo kamili

Ujumbe huwa ni uleule. Mzee amepata kiharusi, miezi imepita, mkono umeanza kurudi lakini chumbani hakuna kitu. Kisha mtu katika kundi la familia anarusha habari: panya waliopooza wamepewa Viagra, wamepona. Swali linalofuata ni "Mwalimu, aanze na ngapi?"

Mimi si daktari wa kutibu. Nimefundisha fiziolojia na nimekaa na panya wa maabara muda wa kutosha kujua wanasema nini na hawasemi nini. Wengi wanaojaribu kusoma utafiti wenyewe hukwama sehemu ileile: wanasoma kichwa, wanaruka sehemu ya mbinu, wanachukua dozi. Tutaenda kinyume chake.

## Vitu vya kuandaa

- Makala kamili ya utafiti. Habari ya gazeti haitoshi, na ikisiri peke yake haitoshi. Tafuta jina la utafiti kwenye PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba. Makala nyingi zinasomeka bure.
- Karatasi moja na kalamu. Andika maneno sita kushuka chini: Mnyama, Kiharusi, Eneo, Kipimo, Ulinganisho, Dozi. Acha nafasi mbele ya kila neno.
- Kikokotoo cha simu.
- Orodha ya dawa zote za mgonjwa, kama unasoma kwa ajili ya mgonjwa. Ziandike kutoka kwenye maboksi yenyewe, si kwa kumbukumbu.

Onyo kabla ya kuanza: hakuna hatua hapa inayokuruhusu kuanza, kuacha au kubadili dawa. Anayeacha dawa ya presha kwa sababu "inaua nguvu" anakaribisha kiharusi cha pili.

## Hatua ya 1: Jua ni mnyama gani

Kiswahili kinatuponza hapa. Kwetu panya ni panya, lakini Waingereza wana maneno mawili. "Rat" ni panya mkubwa, yule wa maabara mwenye gramu 250 hadi 350. "Mouse" ni kipanya cha gramu 20 hadi 30. Andika ni yupi, kwa sababu hesabu ya dozi itategemea hilo.

Kisha andika jinsia, umri na afya yake kabla ya kiharusi. Mara nyingi utakuta ni dume kijana wa wiki chache, mzima kabisa, hana presha wala sukari. Sasa mlinganishe na mgonjwa wako: ana miaka 60 na kitu, presha ya muda mrefu, pengine na kisukari. Mishipa yake ya damu ilianza kuchoka zamani, ikiwemo ile midogo inayoujaza uume damu. Kwa wanaume wengi shida ya kusimamisha ilitangulia kiharusi, ila hakuna aliyeitaja. Panya kijana hawezi kukuonyesha hilo.

Wapo panya wanaokaribia hali hiyo. Japani walizalishwa panya wenye presha ya kurithi, na kutoka kwao ukapatikana ukoo unaopata kiharusi wenyewe bila kukatwa, ambao kwa kifupi huitwa SHRSP. Ukiona herufi hizo, utafiti umepanda daraja.

Kama ni jike, angalia kama alitolewa ovari na kama alipewa homoni. Mzunguko wake ni siku nne au tano tu, na estrojeni huukinga ubongo kiasi dhidi ya kiharusi. Majike yaliyochanganywa bila kujali mzunguko hayakuambii lolote kuhusu mama yako.

*Umefanikiwa ikiwa* unaweza kumweleza mnyama huyo kwa sentensi moja: "panya mkubwa, dume, kijana, hana ugonjwa mwingine."

## Hatua ya 2: Jua kiharusi kilisababishwaje

Njia inayotumika zaidi ni ya uzi. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, ngozi ya shingo huchanwa, kisha uzi mwembamba wa nailoni, ambao ncha yake imepitishwa karibu na moto ili iwe butu, husukumwa ndani ya ateri ya shingo hadi uzibe mdomo wa ateri ya kati ya ubongo. Huachwa humo dakika 60, 90 au 120, kisha huvutwa. Njia hii ilielezwa vizuri na Longa na wenzake mwaka 1989 na inatumika hadi leo.

Andika dakika ngapi. Hiyo namba ndogo ina maana kubwa, kama utakavyoona sasa hivi.

## Hatua ya 3: Tafuta eneo la ubongo lililoumia

Tendo halina "kituo" kimoja kichwani. Kwa panya dume, eneo la mbele la hipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini katikati ya ubongo, ndilo linaloendesha kupanda. Ukiliharibu pande zote mbili, dume huacha kupanda. Sehemu nyingine ya hipothalamasi hutumia homoni ya oksitosini kuamsha kusimama kwa uume. Chini, kwenye shina la ubongo, kuna breki inayozuia reflexi za kumwaga, na mitambo ya kumwaga yenyewe iko kwenye uti wa mgongo, eneo la kiuno, kwenye kundi la seli ambalo Truitt na Coolen walilionyesha mwaka 2002. Ndiyo maana mtu anaweza kupooza upande mzima na bado akaamka asubuhi uume umesimama.

Hapa pana majaribio mawili ninayoyapenda kuliko yote. Mwaka 1987 Barry Everitt wa Cambridge na mwenzake walifundisha panya dume kubonyeza kitufe ili waletewe jike. Kisha wakaharibu lile eneo la mbele la hipothalamasi. Madume wakashindwa kupanda, lakini kitufe waliendelea kukibonyeza. Miaka miwili baadaye kundi hilohilo liliharibu amigdala, sehemu nyingine ya ubongo, badala yake. Kubonyeza kukapungua sana, ila jike akiletwa, dume anapanda kama kawaida. Kutaka kuna njia yake na kuweza kuna yake, na kiharusi kinaweza kukata moja kikaiacha nyingine.

Sasa rudi kwenye uzi. Ukikaa muda mrefu, hasa kuvuka saa moja, huziba pia vijishipa vinavyolisha hipothalamasi ya panya. Dalili yake ni panya kupandisha joto la mwili baada ya upasuaji. Kwa binadamu, kiharusi cha ateri ya kati mara nyingi huiacha hipothalamasi salama, kwa sababu inalishwa na mishipa mingine. Kwa hiyo utafiti unaosema "kiharusi kimeua tendo" baada ya dakika 120 za uzi huenda umepima jeraha ambalo mgonjwa wako hana.

Cha kufanya: tafuta picha za vipande vya ubongo. Sehemu iliyokufa kwa kawaida huonekana nyeupe na sehemu hai nyekundu. Angalia kama weupe umefika chini katikati, kwenye hipothalamasi. Angalia pia kama waandishi walipima joto la panya.

Kosa la kawaida: kuchanganya utafiti wa kiharusi na utafiti wa kuharibu eneo. Kiharusi kwa kawaida hupiga upande mmoja. Wanaoharibu hipothalamasi makusudi huharibu pande zote mbili, na wakiharibu upande mmoja matokeo huwa hafifu.

*Umefanikiwa ikiwa* mbele ya neno Eneo umeandika mahali na upande, au umeandika "hawakuonyesha".

## Hatua ya 4: Walipima nini hasa?

Hapa ndipo wasomaji wangu wengi wanapoanguka, basi twende polepole.

"Uwezo wa tendo" ni jina moja lililobeba vitu vinne: kutaka, kusimama, mwili kumudu tendo lenyewe, na kumwaga. Soma sehemu ya mbinu ujue kipi kilipimwa.

Jaribio la kawaida liko hivi. Panya ni wa usiku, kwa hiyo saa za chumba hugeuzwa na taa nyekundu hafifu huwashwa. Dume, ambaye anatakiwa awe na uzoefu kabla ya kiharusi, anawekwa kwenye boksi la kioo dakika chache azoee. Jike aliyeandaliwa kwa homoni anashushwa ndani. Mtafiti anabonyeza saa. Anahesabu sekunde hadi kupanda kwa kwanza, mara alizopanda, mara alizoingiza, dakika hadi kumwaga, na mapumziko kabla ya kuanza tena.

Sasa weka humo dume aliyepooza miguu ya kushoto. Jike anapita. Dume anageuka, anamfuata, anamnusa, ananyanyua mguu wa mbele wa kulia na kumshika kiunoni. Wa kushoto haushiki. Anateleza, anadondoka ubavu. Anasimama, anafuata tena, anateleza tena. Saa inahesabu. Mwisho wa dakika 30 kwenye daftari kumeandikwa: hakuingiza, hakumwaga. Na kwenye hitimisho la makala isiyo makini utasoma kwamba kiharusi kimepunguza hamu.

Hamu gani imepungua hapo? Huyo kilichomwangusha ni mguu. Na ndivyo ilivyo kwa mzee ambaye mkono hauwezi kumbeba juu ya kitanda, halafu nyumba nzima inaamini "hataki tena".

Tafuta kipimo kisichohitaji miguu. Viko kadhaa, na havina uzito sawa:

Kipimo cha kupendelea. Jike yuko nyuma ya wavu upande huu, dume mwenzake upande ule. Wanapima dume letu linakaa wapi muda mrefu. Hiki ni kipimo kizuri cha kutaka.

Kusimama bila kugusana, kwa harufu tu ya jike, au kwa sindano ya apomofini, dawa inayoamsha njia za dopamini, kemikali ya ubongo. Wanahesabu mara uume uliposimama na, usicheke, mara panya alipopiga miayo, maana dawa hiyo huleta vyote viwili. Hapa ubongo unahusika kweli.

Shinikizo la damu ndani ya uume, panya akiwa usingizini, mshipa wa fahamu ukishtuliwa kwa umeme, kisha namba hiyo inagawanywa kwa shinikizo la damu la mwili. Makala hupenda kukionyesha kwa grafu nzuri. Lakini fikiri: mshipa wa fahamu umeshtuliwa moja kwa moja, ubongo umerukwa. Kipimo hiki kinakueleza hali ya uume na mishipa yake ya damu. Kuhusu kiharusi kichwani kinasema kidogo sana.

Maji ya sukari. Panya mzima akipewa chupa mbili huchagua yenye sukari. Aliyeacha kuchagua amepoteza raha ya kila kitu, na hapo unaangalia kitu kinachofanana na sonona, si ugonjwa wa tendo.

Angalia pia siku. Panya aliyepimwa siku ya tatu bado ana kidonda shingoni, amepungua uzito, hana hamu hata ya chakula. Mimi sitilii maanani matokeo ya tendo yaliyochukuliwa kabla ya wiki nne, isipokuwa waandishi waliendelea kupima hadi huko.

*Umefanikiwa ikiwa* mbele ya neno Kipimo umeandika kimojawapo cha vile vinne vya mwanzo (kutaka, kusimama, mwili kumudu, kumwaga), kwa neno lake. Ukiandika "tendo la ndoa", rudi mwanzo wa hatua hii.

## Hatua ya 5: Kagua ulinganisho

Hii ni fupi. Tafuta vitu vitatu: kundi la panya waliopasuliwa shingo vilevile bila uzi kuziba, mgawanyo wa makundi kwa bahati nasibu, na mpimaji asiyejua panya yupi ni wa kundi gani. Mwongozo wa ARRIVE wa mwaka 2010, wa jinsi ya kuripoti utafiti wa wanyama, unawataka waandishi waseme haya waziwazi. Kama hawakusema, chukulia hawakufanya.

Kisha hesabu waliobaki. Panya hufa katika upasuaji huu. Kama walianza 15 na jedwali la mwisho lina saba, uliza wale wanane walikwenda wapi.

## Hatua ya 6: Badili dozi kwa hesabu sahihi

Nitatumia utafiti uleule unaorushwa kwenye simu. Mwaka 2002, Zhang, Chopp na wenzao huko Detroit, Marekani, waliwapa panya wakubwa sildenafili, dawa iliyomo kwenye Viagra, baada ya kiharusi. Dozi mojawapo ilikuwa miligramu 2 kwa kila kilo kwa siku, kwa siku saba.

Watu huzidisha: 2 × kilo 60 = miligramu 120. Najua, kwa sababu niliwahi kuiandika hesabu hiyohiyo ubaoni mbele ya darasa zima, na mwanafunzi wa nyuma akauliza kwa upole kama vidonge si mwisho 100. Kweli, kidonge kikubwa ni cha 100, na hicho ndicho kiwango cha juu kwa siku kwa shida ya kusimamisha.

Kosa liko wapi? Mwili mdogo huchoma na kutoa dawa haraka kuliko mkubwa. Hivyo hatulinganishi kwa uzito peke yake bali kwa eneo la uso wa mwili. Mwongozo wa mwaka 2005 wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, unatoa vigawanyo:

- Panya mkubwa: gawa dozi ya kila kilo kwa 6.2.
- Kipanya: gawa kwa 12.3.

Basi 2 ÷ 6.2 = 0.32. Mara kilo 60, ni miligramu 19. Kutoka 120 hadi 19. Na kama ungedhani ni kipanya, ungepata 10. Unaona kwa nini hatua ya 1 ilikuwa na maana.

Onyo: vigawanyo hivi viliwekwa ili watafiti wajue dozi salama ya kuanzia majaribio. Havikuwekwa kwa ajili ya mtu aliye dukani akiwa na pesa mkononi.

## Hatua ya 7: Uliza kama imefika kwa binadamu

Mwaka 2006 watafiti walihesabu dawa na mbinu 1,026 zilizowahi kujaribiwa kwa kiharusi cha ghafla, nyingi zikiwa zimefanya vizuri kwa wanyama. Zilizothibitika kusaidia watu zinahesabika kwa vidole. Dawa moja, NXY-059, ilifika mbali hadi jaribio la watu zaidi ya 3,000, na matokeo ya mwaka 2007 yakawa: haisaidii.

Sildenafili nayo ilijaribiwa. Utafiti mdogo wa usalama uliochapishwa 2009 uliwapa wagonjwa 12 wa kiharusi miligramu 25 kwa siku, wiki mbili, chini ya uangalizi. Lengo lilikuwa kuona kama inavumilika. Haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hauwezi kusema kama inaponya.

Sasa jaza karatasi ya utafiti wa 2002 nikiwa nawe:

- Mnyama: panya wakubwa, madume.
- Kiharusi: kuzibwa kwa ateri ya kati.
- Eneo: upande mmoja. Ukubwa wa sehemu iliyokufa haukupungua kwa dawa.
- Kipimo: kukosea hatua kwenye wavu, na muda wa kubandua karatasi yenye gundi iliyobandikwa kwenye nyayo. Pia chembe mpya za ubongo.
- Ulinganisho: panya wenye kiharusi ambao hawakupewa dawa.
- Dozi: 2 mg/kg, sawa na kama 19 kwa mtu wa kilo 60.

Soma tena mstari wa Kipimo. Miguu. Tendo halikupimwa. Hakuna jike aliyeletwa, hakuna uume uliotazamwa. Utafiti ulikuwa mzuri kwa swali lake. Habari iliyokuja kwenye simu yako ndiyo iliyoongeza chumba cha kulala.

## Hatua ya 8: Ipeleke kliniki karatasi hiyo

Mgonjwa aende mwenyewe ikiwezekana, na mwenzi wake. Kama kulitaja jambo lenyewe mbele ya daktari kijana ni aibu, mpe karatasi asome. Wengi hushusha pumzi wakiona si wao walioanza kusema.

Kwanza ulizeni kuhusu dawa anazotumia. Baadhi ya dawa za presha, hasa za kukojoza na zile za zamani za kupunguza mapigo ya moyo, pamoja na baadhi ya dawa za sonona, huweza kupunguza hamu au kusimama. Mara nyingi daktari ana mbadala.

Pili, sildenafili. Haichanganywi kabisa na dawa za moyo za naitreti, ikiwemo ile ya kuweka chini ya ulimi. Shinikizo la damu linaweza kuporomoka ghafla. Ndani ya miezi sita baada ya kiharusi inahitaji tahadhari kubwa. Mwambieni pia kama kuna unga au dawa ya kienyeji ya "nguvu" inatumika nyumbani, kwa sababu nyingi zimekutwa zimechanganywa na sildenafili bila kuandikwa.

Tatu, kama kiharusi kilikuwa cha kuvuja damu, ulizeni kama chanzo kimetibiwa na kama presha imetulia vya kutosha kurudi kwenye tendo.

Nne ni swali la yule panya aliyeteleza: je, mgonjwa hataki, hasimamishi, au mwili tu haumbebi? Kama ni mwili, mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia awaonyeshe jinsi ya kulala kwa ubavu ili upande wenye nguvu uwe huru, mto ukishika mgongo, na mwenzi ndiye afanye sehemu kubwa ya kusogea.